Kuchora Kando ya Ziwa: Mazungumzo kwa Vijana Waendao Kambini

Mtu atokaye Kisumu kwa njia kuu ya kwenda Nairobi hufika Ahero baada ya mwendo wa kilometa 25 hivi. Hapo pana daraja la Mto Nyando, pana soko, na ndipo njia ya Kisii inapochepuka kuelekea kusini. Wasafiri wengi husimama kwa dakika chache tu. Hununua ndizi au nyanya, hunyosha miguu, kisha hupanda tena garini. Wakiulizwa jioni waliona nini Ahero, hujibu kuwa waliona watu wengi na vumbi jingi. Hawasemi uongo. Lakini siku ile ile, mbele ya macho yale yale, yangeyange walikuwa wakitembea polepole katika maji ya mashamba ya mpunga. Ukingo wa nchi ya Nandi ulikuwa umesimama upande wa kaskazini kama ukuta wa buluu. Na pengine mwanamke alikuwa akivuka daraja na mzigo kichwani bila kuushika kwa mkono. Hayo yote yalipita, wala hakuna aliyeyatazama.

Makusudi ya mazungumzo haya ni kueleza njia moja nyepesi ya kuyatazama, nayo ni kuchora nje kwa kalamu ya risasi wakati wa likizo, hasa kwa vijana wa shule, maskauti, na wote wapendao kupiga hema kando ya maji. Kwa mtu wa Mombasa au Unguja, maji hayo yangekuwa bahari. Kwa wakazi wa Nyanza, ziwa ndilo bahari yao. Waluo huliita Nam Lolwe. Upana wake wapata kilometa za mraba 68,000, na katika maziwa yote ya maji matamu ulimwenguni ni moja tu lipitalo ziwa hili kwa upana, yaani Superior la Amerika ya Kaskazini. Mtu aliyezaliwa Kano au Nyakach hana haja ya kusafiri siku mbili kutafuta pwani. Pwani iko mlangoni pake.

Wako watakaosema kwamba kuchora ni kazi ya waliojaliwa kipaji, na kwamba mwingine akijaribu ataharibu karatasi bure. Hayo ni makosa. Kusudi la kuchora kambini si kupata picha ya kutundika ukutani. Kusudi ni kulilazimisha jicho lifanye kazi yake. Mwambie kijana aliyekulia Ahero achore yangeyange bila kumtazama. Aghalabu atamchorea miguu inayokunjika kama miguu ya mtu, goti likielekea mbele. Kisha mpeleke kwenye tuta la shamba la mpunga, akae kimya robo saa. Ataona kwamba ule mguu hukunjika kwa kurudi nyuma, na akiuliza sababu ataelezwa kuwa mahali padhaniwapo kuwa goti kwa kweli ni kifundo cha mguu. Goti lenyewe liko juu, limefichwa na manyoya. Ataona tena kwamba yangeyange arukapo huikunja shingo yake mabegani, ilhali korongo mwenye taji huinyosha mbele kama mkuki. Kijana huyo amewaona ndege hao kila siku tangu utoto wake, lakini siku hiyo ndiyo aliyowajua. Hata kama mchoro wake ni mbaya, faida ameipata.

Jambo hili alilijua sana Baden-Powell, mwanzilishi wa Uskauti, ambaye wengi humkumbuka kwa kofia yake na kaptura yake, lakini wachache humkumbuka kwa kalamu yake. Mtu huyo alikuwa akichora maisha yake yote, na aliweza kuchora kwa mkono wa kulia na kwa mkono wa kushoto pia. Alifika Kenya mara ya kwanza mwaka 1906, na mwaka 1938, alipokwisha kuwa mzee wa miaka themanini na zaidi, alihamia Nyeri na kukaa katika nyumba ndogo iliyoitwa Paxtu. Hakukaa bure. Alichora wanyama na ndege na milima, akatoa vitabu vyenye picha zake mwenyewe, kimoja kikiwa cha mwaka 1938 juu ya ndege na wanyama wa Afrika, na kingine cha michoro ya Kenya mwaka 1940. Alifariki dunia tarehe 8 Januari 1941, na kaburi lake liko Nyeri. Alikuwa akiwafundisha maskauti kwamba mtu anayechora alichokiona hukikumbuka kuliko yule aliyekipita tu.

Yafaa hapa kueleza kisa chake kimoja, kwa sababu kitarudi baadaye. Katika kitabu chake cha mwaka 1915 alieleza jinsi, katika ujana wake alipokuwa mpelelezi wa jeshi, alivyojifanya mwindaji wa vipepeo. Alibeba wavu na daftari, akichora vipepeo wazuri. Lakini katika mistari ya mabawa yao alikuwa ameficha ramani ya ngome na mahali penye mizinga. Askari waliomkuta waliona mzee wa vipepeo, wakamwacha aende zake.

Sasa tuseme kijana amekwisha azimia kwenda. Aende lini? Likizo ya Agosti ni bora kuliko ya Aprili, kwa kuwa Aprili ni katikati ya masika, na bonde la Kano katika masika si mahali pa kucheza. Udongo wake mweusi hunata hadi kiatu kikabaki chini na mguu ukatoka peke yake. Tena Mto Nyando una desturi ya kufurika. Maji hushuka kutoka nyanda za juu za Nandi na Kericho, ambako mvua yaweza kuwa imenyesha usiku kucha huku Ahero nyota zikiwaka, na asubuhi mto huwa umetoka katika kingo zake. Asipige mtu hema katika bonde la chini karibu na mto, hata pakionekana pakavu na penye majani laini. Hayo majani laini yaliletwa na mafuriko.

Mahali pa kupiga hema pako pengi. Wenye nafasi waweza kwenda kisiwa cha Ndere, ambacho kimekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 1986, na ambako swala hutembea karibu na maji. Wengine hukaa katika kiwanja cha shule wakati wa likizo, kwa idhini ya mwalimu mkuu, na hilo ni jambo la busara, maana pana choo, pana maji, na pana mlinzi. Wale wanaotaka kukaa ufukweni wajihadhari na kiboko. Mchana kiboko hukaa majini, lakini usiku hutoka kula majani, na hupita njia zake zile zile kila siku. Njia hizo huonekana wazi kama mifereji iliyokatwa katikati ya mafunjo. Hema lililopigwa juu ya njia ya kiboko limepigwa sebuleni kwa mtu mwingine. Wala asisimame mtu kati ya kiboko na maji, kwani mnyama huyo akiona amezibiwa njia ya kurudi kwake hatafuti njia ya pili.

Hatari nyingine haina meno. Ukingoni mwa ziwa, hasa penye majani na maji yaliyotulia, hukaa konokono wadogo wabebao kichocho. Vijidudu vya maradhi hayo hutoka katika konokono, huogelea, na kupenya ngozi ya mtu aliyetia miguu majini, hata kama hana kidonda. Mchoraji ana kishawishi kikubwa kuliko wengine, maana mandhari nzuri aghalabu huonekana vizuri zaidi ukiingia majini hatua mbili. Asiingie. Akae juu ya jiwe, au juu ya mtumbwi uliovutwa nchi kavu. Anayechora kwa rangi za maji atumie maji ya bomba au yaliyochemshwa kusuuzia brashi yake, wala asiige ile tabia mbaya ya kuchongoa brashi kwa midomo. Aliyekwisha ingia majini asione haya kwenda hospitali kupimwa. Dawa ya kichocho ipo na inaponya. Na jioni, kabla mbu hawajaanza wimbo wao, mikono na miguu ifunikwe, chandarua kitundikwe. Kazi nzuri ya mchana haina maana ikiwa itafuatwa na wiki mbili za homa.

Vifaa vyenyewe si vya gharama. Kalamu ya risasi moja laini, kisu cha kuichongea, karatasi nyeupe isiyo na mistari, na kipande cha ubao au boksi gumu cha kuwekea chini yake. Upepo wa ziwa ni mwizi wa karatasi, basi vibanio viwili vya nguo vyahitajika. Asiye na kalamu atengeneze mkaa wa kuchorea: achukue vijiti vyembamba, avifunge katika mkebe wenye tundu dogo, auweke mkebe motoni mpaka moshi uishe, kisha auache upoe kabla ya kuufungua. Mkaa huo huandika weusi mzuri kuliko kalamu yoyote ya dukani. Ila hufutika upesi, kwa hiyo picha ya mkaa isikunjwe wala isilaliwe.

Saa za kuchora ni mbili. Mstari wa Ikweta hupita Maseno, karibu sana na Kisumu, na kwa hiyo saa sita mchana jua husimama karibu utosini na kuvifuta vivuli vyote. Mti huwa kama karatasi iliyokatwa, na nyumba hukosa ubavu. Asubuhi mpaka saa nne, na jioni kuanzia saa kumi, ndizo saa ambazo kila kitu kina upande wa mwanga na upande wa giza. Mchana wakati wa jua kali, afadhali mtu alale au apike. Tena alasiri upepo huvuma kutoka ziwani na kukusanya mawingu juu ya nchi, na mara nyingi radi hufuata. Anayeona wingu jeusi likipanda akunje kazi yake, wala asijifiche chini ya mti mmoja uliosimama peke yake uwandani.

Anayeanza huchora ziwa kama mlima. Hupandisha maji juu, yakawa kama yanataka kumwagika. Sababu ni kwamba anajua ziwa ni kubwa, na anachora anachojua badala ya anachokiona. Na ashike kalamu yake mbele yake kwa mkono ulionyoshwa sawasawa, afumbe jicho moja, apime: toka ufukwe mpaka pale maji yanapokutana na mbingu ni kiasi gani, na mtumbwi ni mrefu kiasi gani ukilinganishwa na hapo? Atashangaa kuona kuwa ziwa lote lile, lenye mawimbi na visiwa na wavuvi, limekuwa ukanda mwembamba kama kidole. Akikaa chini ukanda huo huzidi kuwa mwembamba. Akipanda kilimani hunenepa. Mstari wa maji na mbingu daima huwa sawa na jicho la atazamaye.

Milima nayo ina siri yake. Kutoka Dunga, kijiji cha wavuvi karibu na mji wa Kisumu, mtu akitazama ng'ambo ya ghuba huuona mlima wa Homa. Unajua kuwa mlima ule una miti na mawe meusi, lakini kwa umbali ule hauna weusi wowote. Ni kama moshi. Anayekandamiza kalamu kwa nguvu akichora mlima wa mbali huuvuta mpaka mlangoni. Mafunjo yaliyo karibu ndiyo yapewe weusi, na mlima upewe pumzi tu ya kalamu.

Mtumbwi ni mtihani mgumu kuliko vyote. Ubavu wake umepinda pande mbili kwa wakati mmoja, na mbele huinuka. Ni vema kuuchora kwanza ukiwa umevutwa ufukweni, ukilala ubavu, wavuvi wakiuziba nyufa, maana hapo mbao zake zaonekana moja moja. Mitumbwi ya matanga ya pembe tatu, na majina yaliyoandikwa ubavuni kwa rangi, ni raha kwa mchoraji mwenye subira. Na yule ambaye mtumbwi wake umetoka kama ndoo asikate tamaa. Mvuvi atakayepita nyuma yake atamwambia kosa liko wapi, pengine bila kuombwa.

Hapo ndipo lilipo jambo ambalo mtu aendaye kuchora katika nchi ya watu hana budi kulifikiri sana. Kijana mgeni ameketi kwenye ukingo wa shamba, ana ubao magotini, anatazama, anapima kwa kalamu mbele ya jicho moja lililofumbwa, kisha anaandika. Mwenye shamba anamwona kwa mbali. Anadhani nini? Katika nchi hii karatasi na vipimo havikuja siku zote kwa heri. Watu wamewahi kuona mgeni mwenye daftari leo, na kesho wakaona vigingi vimesimikwa. Na kile kisa cha vipepeo vya Baden-Powell chaonyesha kwamba mzee anayemtilia shaka mchoraji si mjinga hata kidogo. Wachoraji wengine kwa kweli walikuwa wapelelezi.

Basi mzee atakuja, na pengine atauliza, “Mwanangu, unapima shamba la nani?” Kijana mwenye adabu hatajibu akiwa amekaa. Atasimama, atamwamkia, “Oyawore, jaduong',” na atampa ubao wote mkononi aone mwenyewe. Atasema, “Sipimi, mzee. Nachora ule mti wako na ng'ombe waliolala chini yake. Nilikosa kwa kutokuja kwako kwanza.” Mzee akiona mti wake na ng'ombe wake, hata kama mmoja ana miguu mitano, uso wake hubadilika. Aghalabu atasema ng'ombe yule hana pembe za namna ile, kwamba moja imeinama, na kijana afute pale pale na kusahihisha. Hivyo ndivyo ilivyo desturi njema, na afadhali ifanyike mapema: siku ya kwanza ya kambi, kabla hema halijafunguliwa, kiongozi aende kwa mzee wa kijiji au kwa chifu, aseme ni akina nani, wametoka wapi, watachora nini, na watakaa siku ngapi. Madaraja, bandari, na vituo vya polisi na jeshi visichorwe bila idhini. Na mtu asichorwe uso wake kwa siri. Mama auzaye samaki sokoni Ahero ana haki ya kukataa, na akikubali apewe kiti cha mbele katika kuitazama picha.

Wengine huuliza kama kuchora si mchezo wa kigeni. Waulize mafundi wa nyungu waliochora mistari na nukta katika udongo mbichi kabla kalamu ya kwanza haijafika Nyanza. Na wachoraji wa Afrika Mashariki waliosomea kazi hiyo ni wa siku nyingi. Mwaka 1937 Bibi Margaret Trowell alianza kufundisha uchoraji Makerere, na kati ya wanafunzi wake wa mapema alikuwa Gregory Maloba wa Kenya, ambaye ndiye aliyetengeneza sanamu ya Uhuru iliyosimama Kampala tangu mwaka 1962, na Sam Ntiro wa Uchagani, ambaye baadaye alikuwa balozi wa Tanganyika huko London. Bibi Trowell alipenda kuwasimulia wanafunzi habari, nao wachore walivyoona akilini mwao. Hiyo ni njia nyingine, nayo ni nzuri. Lakini hata akili huhitaji kuwekewa akiba, na akiba hiyo hupatikana nje.

Joy Adamson, ambaye wengi humjua kwa habari za simba Elsa, alipewa kazi na Serikali ya Kenya mwaka 1949 ya kuwachora watu wa makabila mbalimbali katika mavazi yao ya asili. Alisafiri na hema lake kwa miaka kadhaa, akachora mamia ya picha. Nyingi zimehifadhiwa katika makumbusho ya Nairobi. Yako mavazi na mapambo katika picha hizo ambayo leo hayavaliwi tena, na wajukuu wa waliochorwa huenda makumbusho kuyatazama. Mtu aweza kusema mengi juu ya nani aliyeamua kumchora nani, na kwa nini. Mazungumzo hayo yana haki yake. Lakini picha zingekuwa hazikuchorwa, kisingebaki kitu cha kubishania.

Na hili ndilo lifanyalo kuchora kando ya ziwa kuwa zaidi ya kupitisha likizo. Ufuko huu haukai. Tarehe 28 Julai 1862 Speke alisimama mahali Mto Nile unapotoka ziwani, penye Jinja ya leo, akaona maporomoko ambayo aliyaita Ripon. Picha yake imo katika kitabu alichotoa mwaka 1863: maji yakianguka kati ya miamba, na watu ukingoni. Mwenzake Grant alichora njiani picha zaidi ya mia, nazo zimewekwa katika Maktaba ya Taifa ya Uskoti, mjini Edinburgh. Leo mtu akienda Jinja kuyatafuta maporomoko yale hatayaona. Bwawa la Owen lilipofunguliwa mwaka 1954, maji yalipanda na kuyafunika. Yamebaki katika karatasi na katika vichwa vya wazee wachache.

Upande wa Kisumu mabadiliko ni ya namna yake. Kuanzia mvua kubwa za mwaka 1961 ziwa lilipanda mpaka likafikia kilele mwezi Mei 1964, na vijiji vingi vya ufukweni vilihama. Kisha likashuka. Mwezi Mei 2020 likapanda tena hadi kiasi kile na kukipita kidogo, likaingia katika nyumba na mashamba na bandari ndogo za wavuvi. Miti iliyokuwa na kivuli cha kuanikia nyavu ilisimama majini ikiwa imekauka. Kuanzia miaka ya 1990 magugu maji yalikuja yakaziba ghuba, mara yakaondoka na upepo, mara yakarudi. Mafunjo, ambayo watu wa Dunga huyakata na kusuka mikeka na vikapu, yamepungua mahali pengi kwa moto na kwa mashamba. Hata samaki wamebadilika. Ngege, ambaye mababu walimla na kumsifu, amekuwa adimu katika ziwa kubwa baada ya mbuta kuletwa katika miaka ya 1950 na 1960, na nyavu kuzidi. Wako vijana waliozaliwa ufukweni ambao hawajapata kumwona. Kuchora samaki, kwa njia, ni kazi ya haraka: rangi zake huanza kufifia mara afapo, basi achorwe na kuandikwa rangi zake kwa maneno kabla hajafika sokoni.

Mwenye simu atasema kwamba picha ya simu yatosha. Na atumie simu, hakuna ubaya. Lakini hupiga picha mia tatu katika siku moja na kurudi nyumbani bila kujua mafunjo yana pembe ngapi katika shina lake. Aliyechora shina moja la funjo anajua kuwa ni tatu, maana ilimbidi alikate na kulitazama.

Kwa hiyo chini ya kila mchoro yaandikwe mambo manne: tarehe, saa, mahali, na mchoraji alikuwa akitazama upande gani. Pawe na alama isiyohama, kama mwamba, au kona ya jengo la mawe, au mti mkubwa ujulikanao na wote. Na kijana aliyechora ufuko wa Dunga akiwa na miaka kumi na mitatu arudi akiwa na kumi na sita, akae juu ya jiwe lile lile kama bado liko nje ya maji, achore tena. Karatasi mbili hizo zikiwekwa mezani pamoja, mwalimu wa jiografia hatahitaji kusema mengi, wala afisa wa uvuvi, wala mzee wa kijiji atakayezitazama na kuonyesha kwa kidole mahali nyumba ya kaka yake ilipokuwa.

Yabaki neno juu ya usiku wa mwisho kambini. Usiku usio na mwezi, wavuvi wa omena hutoka na taa zao, zamani karabai na siku hizi pia taa za umeme wa jua, na ziwa hujaa nuru ndogo ndogo kana kwamba kuna mji uliojengwa juu ya maji. Kila mtu hutaka kuchora jambo hilo, na kila mtu hushindwa, kwa sababu anaanza kwa kuchora taa. Na afanye kinyume. Aipake karatasi yote weusi wa mkaa akiwa bado na mwanga wa jioni. Kisha giza liingiapo, akae kimya na kipande cha mkate laini mkononi, akifinye mpaka kiwe na ncha, na kwa ncha hiyo atoboe weusi mahali penye taa, moja hapa, tatu kule, na chini ya kila moja avute mstari mfupi unaotetemeka. Mkate uliobaki asiule, maana umejaa mkaa.